Sufuria ya presha ya umeme: miezi mitano ya maharage, Mabatini, Mwanza

Niliinunua kwenye duka moja la vyombo mjini. Muuzaji alianzia 180,000, tukavutana mpaka 150,000. Ni ya lita 6, wati 1,000. Nauza chapati na maharage asubuhi hapa Mabatini, kwa hiyo nimeipima kwa maharage kwanza, mengine baadaye.

Zamani nilikuwa nainjika saa 9 usiku ili saa 12 yawe tayari. Kilo moja ya maharage ilikula mkaa wa shilingi 2,000, wakati wa mvua zaidi. Sasa naamka saa 10 na nusu, naweka maharage na maji, nabonyeza, nakanda unga wa chapati. Baada ya saa moja yameiva, hata kama sikuyaloweka. Siku ya kwanza nilisoma mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, nione uniti zilizobaki kabla na baada: 63.2, kisha 62.7. Nusu uniti. Nilirudia siku tatu, nikapata hivyohivyo.

Ugomvi ulianzia kwenye mita. Nyumba yetu ina wapangaji watatu na LUKU moja, tunachanga. Bibi wa chumba cha mwisho akaniambia, "Mwanangu, hiyo sufuria yako inatumalizia umeme." Nikamwambia, "Bibi, njoo tusome wote." Tulisoma, akaridhika kuhusu sufuria, lakini alikuwa na hoja. Nyumba ilikuwa inatumia uniti sitini na kitu kwa mwezi, tupo kwenye bei ya watumiaji wadogo: shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Ukivuka 75, uniti inapanda zaidi ya mara tatu. Mimi na maharage yangu ndio tuliovuka. Tulikubaliana ziada yote nilipe mimi, na hata kwa bei hiyo ya juu kilo ya maharage haifiki shilingi 250. Kwa siku tano za wiki, hela ya sufuria ilirudi baada ya miezi minne hivi.

Lakini nasema wazi: kiwango cha 75 kinatosha taa, televisheni na kuchaji simu. Hakimtoshi anayepika. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Mpangaji anayeacha mkaa akahamia umeme anakutana na bei ya juu palepale anapoanza kutii. Wanaopanga bei waje wakae kwenye nyumba ya LUKU moja, waone watu wanavyoogopana kupika.

Kuna jambo halionekani kwenye risiti ya LUKU. Mvua ikinyesha jiko la mkaa lilikuwa linaingia koridoni, na mimi kichwa kiliniuma mpaka mchana. Mkaa ukishakolea hauonyeshi moshi, ila unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Mwanangu wa mwisho analala chumba kinachofungukia koridoni hiyo. Tangu mwezi wa tatu sijawasha jiko ndani hata mara moja.

Kasoro zipo. Ugali haipiki, hilo mjue kabla hamjatoa hela. Wa muhogo au wa dona, jiko lingine lazima liwepo. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ilinitokea uji. Mpira wa mfuniko unashika harufu ya dagaa, hivyo nimetafuta wa pili kwa ajili ya mboga, nao niliuzunguka wiki mbili kuupata. Msitumie mwiko wa chuma, utachubua ndani. Na msichomeke kwenye ekstensheni ya bei rahisi: yangu iliyeyuka kichwa, nikamwita fundi aweke soketi ukutani, 25,000.

Umeme ukikatika katikati, msifungue. Ikishashika presha inabaki na joto, na maharage yangu mara mbili yamemalizikia kuiva humo gizani.

Kwa makongoro, yaani miguu ya ng'ombe, nawaambia wa Mwanza wenzangu: saa moja na robo, nyama inaachia mfupa. Jumamosi bibi wa chumba cha mwisho ameniletea miguu miwili nimpikie.