Mashine ya kusikia: chagua kwanza mtu atakayekupima

Habari zenu, karibuni. Leo mezani nina vitu viwili. Hiki cha rangi ya kaki ni shimesikio, mashine ya kusikia inayokaa nyuma ya sikio. Hiki kingine ni kikuza sauti, vile vya bei rahisi vinavyouzwa mitandaoni. Kwa macho huwezi kuvitofautisha, na ndiyo maana watu wanawanunulia wazazi wao hiki cha pili wakidhani wamemaliza kazi.

Sikilizeni. Usikivu wa mtu mzima ukianza kupungua kwa umri, kwa kawaida zinatangulia kupotea sauti nyembamba: s, f, sh, sauti za watoto. Zile nzito anazisikia bado. Kwa hiyo mzee anasikia kwamba umesema kitu, ila hajui umesema fika, shika au pika. Kikuza sauti kinapandisha kila kitu kwa mkupuo. Bajaji inayopita nje inamuumiza, na neno lenyewe bado halijakaa sawa. Anakivua, anakiweka kabatini, nyumbani mnasema mzee mbishi. Si ubishi jamani!

Mashine halisi inapandisha pale tu palipopungua, na hapo ndipo mtaalamu wa usikivu anapohitajika. Mnaniuliza sana kampuni ipi ni bora. Phonak ya Uswisi, Oticon ya Denmark, Starkey ya Marekani, zote zinatengeneza mashine nzuri. Ikipangwa vibaya, hata ile ya bei ya juu kabisa haitakusaidia.

Mtaalamu mzuri anaanza kwa kuchungulia sikio, maana huenda tatizo ni nta tu, au usaha unaohitaji dawa. Asipochungulia, inuka uondoke. Halafu anakupima kwenye chumba tulivu, kila sikio peke yake, kuanzia mlio mzito wa hezi 250 hadi mwembamba wa 8000. Anakuwekea pia kitetemeshi kwenye mfupa nyuma ya sikio, ajue kama hitilafu iko njiani au ndani kabisa.

Sasa kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na wengi wanakiruka. Ukiwa umevaa mashine, anapitisha mrija mwembamba wa silikoni karibu na ngoma ya sikio, kisha kompyuta inaonyesha sauti inayofika pale kweli. Matundu ya masikio yetu hayalingani. Bila kipimo hiki programu inakisia kwa sikio la wastani, na kwa mtoto mdogo, ambaye tundu lake ni dogo, sauti inaweza kuzidi mno. Ukipiga simu kuomba miadi, uliza hivi: "Mtanipima mashine ikiwa sikioni?" Jibu lao litakuonyesha mengi.

Ndugu aliye Marekani akitaka kukutumia zile mashine zinazouzwa kule bila cheti cha daktari tangu Oktoba 2022, kumbuka zimeruhusiwa kwa watu wazima wenye upungufu mdogo au wa kati. Si za mtoto, wala si za mzee asiyesikia hodi mlangoni.

Betri: hizi ndogo zinafanya kazi kwa hewa. Ukishabandua kile kibandiko zimeanza kuisha, hata ukikirudisha. Ibandue siku unayoitumia, isubiri dakika chache, ndipo uitie. Mimi kwa mzee mwenye vidole vizito nachagua ya kuchaji, ila kama kwenu umeme haueleweki, chukua ya betri namba 13, kibandiko cha chungwa. Na sisi wa Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, pwani yote ile, jasho na unyevu ndio adui. Usiku acha mlango wa betri wazi, mashine ilale kwenye kopo lenye vidonge vya kukausha.

Jambo moja halisubiri. Usikivu ukikatika ghafla, leo unasikia kesho husikii, usitafute mashine. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo siku hiyohiyo, kwa sababu dawa inasaidia zaidi ikiwahi.

Kabla hujalipa, uliza bei inabeba nini. Wiki za mwanzo hata sahani zikigongana zinakera, na utarudi kurekebishiwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo ziara hizo ziwe ndani ya bei. Omba na nakala ya chati yako ya vipimo. Wakikunyima maelezo, ipeleke kwa mtaalamu mwingine.