Koleo la kupiga tatoo masikioni: nimelitumia kwa sungura na mbwa, maoni yangu haya hapa

Wakuu, hili koleo nimekaa nalo muda wa kutosha sasa kwa hiyo ngoja niseme ukweli wake, maana ukisoma maelezo ya wauzaji wote wanasema bora bora tu na picha zote ni za sikio jeupe la sungura ambalo hata kalamu ya Bic ingeonekana.

Kwa wasiolijua, ni koleo la chuma, zito, limekaa kama plaizi kubwa ya fundi umeme, ila mdomoni kuna nafasi ya kupanga tarakimu, na kila tarakimu imetengenezwa kwa visindano vidogo. Unapanga namba yako, unapaka wino kwenye sikio kwa ndani, unabana mara moja kwa nguvu, visindano vinatoboa ngozi na wino unaingia humo. Kidonda kikipona namba ya kumtambua mnyama inabaki maisha. Wafugaji wa mbuzi wa maziwa na sungura wa mbegu wanatumia miaka nenda rudi, kwenye mbwa ndo kwetu huku watu wanashangaa.

Mimi nilichukua la tarakimu za milimita 8 ambazo zinafaa sungura na watoto wa mbwa. Kuna za milimita 10, hizo ni za mbuzi na ndama, usijichanganye ukaagiza hizo kwa sungura sikio halitoshi. Bei ilinifikia elfu themanini na kitu pamoja na usafiri, kwa agenti wa mizigo ya China pale Kariakoo.

Chuma chake kizuri sijakiona kutu mpaka leo, ila ni kwa sababu nalipiga spiriti na kulikausha kila nikimaliza. Spring iko poa. Na kuna kibati kinachosukuma sikio litoke kwenye sindano ukiachia mkono, usikubali kununua koleo ambalo halina hicho, maana sikio likinasa mnyama anavuta kichwa na hapo ndo linachanika. Raba ya upande wa pili ndo mbovu, nyembamba, ikishaanza kulika sindano hazizami vizuri na namba inatoka nusu nusu. Nimekata kipande cha raba ngumu nikabandika, inafanya kazi kuliko ya kwao.

Sasa kero kubwa ambayo hamna muuzaji atakwambia: ndani ya boksi unapewa seti moja tu ya tarakimu, sifuri mpaka tisa, kila moja iko moja. Yaani huwezi kuandika 55, huwezi kuandika 2024, namba yoyote inayojirudia ndo basi. Mimi nilitaka nitumie namba nne za mwisho za simu yangu na inaishia 77, ikabidi niagize seti ya pili, na herufi nazo zinauzwa peke yake. Hii kitu wangeandika tu kwenye tangazo mtu ajue mapema.

Wino uliokuja nao ni takataka, samahani lakini sina neno lingine. Ni mweusi, mwepesi kama maji ya kufulia, kwenye sungura mweupe unaonekana lakini mbwa mwenye sikio jeusi kwa ndani ukitafuta namba baada ya wiki tatu unatafuta kwa imani. Wino unaotakiwa kwa ngozi nyeusi ni wa kijani, ule mzito wa kama dawa ya meno. Unaupaka kabla ya kubana, unabana, alafu unaupaka tena juu na unasugua kwa mswaki laini mpaka uingie kwenye matundu. Hapo kwenye kusugua ndo kila kitu, watu wanabana wanaona damu kidogo wanaogopa wanaachia hapo hapo, baadae wanakuja kusema tatoo imefutika. Ukimaliza paka mafuta ya mgando juu na usifute wino, acha utoke wenyewe.

Na kabla hujamgusa mnyama jaribu kwanza kwenye kipande cha katoni, kila mara, hata kama jana ulilitumia. Tarakimu kwenye koleo zinakaa kinyume, ni rahisi sana kupanga 31 ikatoka 13, na kwenye ngozi hamna kurudia.

Maumivu yapo, tusidanganyane. Sungura anashtuka, anapiga mguu chini, dakika mbili anakula majani. Mtoto wa mbwa wa wiki saba nane analia mara moja. Mbwa mkubwa mimi simgusi kwa koleo kabisa, huyo anapelekwa kwa daktari wa mifugo apigwe dawa ya usingizi na achorwe kwa mashine ya sindano paja la ndani, na hapo hata hayo mapaja yana faida yake maana sikio mwizi anaweza kulikata. Chagua sehemu isiyo na mishipa mikubwa, ukimulika tochi ya simu nyuma ya sikio mishipa yote inaonekana, unapita katikati yake.

Mtu ataniuliza kwa nini nisiweke chipu, kile kidude cha namba kinachowekwa chini ya ngozi, nikaachana na mambo ya kizamani. Sawa, chipu ni nzuri, haifutiki, ina namba 15, wenzetu Uingereza mbwa ni lazima kuwa nayo tangu 2016 na paka wa kule England wamefuatia 2024. Lakini chipu bila skana, yaani mashine ya kuisoma, ni punje ya mchele chini ya ngozi, na mbwa wako akipotea Mbagala nani ana skana pale? Mwenyekiti wa mtaa? Polisi? Tatoo inasomwa na yeyote mwenye macho.

Jirani yangu imemsaidia hivyo. Jike lake la Jemani Shepadi lilipotea, baadae akaliona limefungwa kwenye banda mtaa wa pili, jamaa anasema kanunua na ana shahidi. Wakafika kwa mwenyekiti, maneno mengi, kila mtu anaita jina lake na mbwa anatikisa mkia kwa wote. Jirani akasema kabla hamjamgusa andikeni hapo kwenye karatasi, sikio la kulia kwa ndani kuna 4173. Wakageuza sikio, likamulikwa na simu, namba hiyo hapo ya kijani. Yule jamaa hata hakujua mbwa "wake" ana namba. Kesi ikaishia hapo, mbwa akarudi kwao.

Ila angalia kilichomuokoa hapo, siyo tatoo peke yake, ni kwamba namba hiyo iliandikwa pia kwenye kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa na daktari akagonga muhuri. Hapo ndo kwenye udhaifu wa hii kitu kwetu. Ufaransa ukimpiga mbwa tatoo namba inaingia kwenye rejista ya taifa, anayemuokota anauliza na mwenye mbwa anapigiwa simu. Marekani wale greyhound, mbwa wa mashindano ya mbio, wana tatoo masikio yote mawili, la kulia linaonyesha mwezi na mwaka wa kuzaliwa na yeye ni wa ngapi kwenye uzao, la kushoto ni namba ya uzao wenyewe. Sisi sheria ya utambuzi wa mifugo ipo tangu 2010, ng'ombe wamepigwa chapa na hereni za kielektroniki tumeziona, lakini rejista ya kumtafuta mwenye mbwa kwa namba ya sikioni mimi sijawahi kuonyeshwa. Kwa hiyo namba ya kubuni tu kama 001 haimsaidii aliyemuokota, atakachojua ni kwamba mbwa ana mwenyewe. Tumia namba utakayoweza kuithibitisha kwa karatasi, na picha ya sikio ikae kwenye simu yako na ya mtu mwingine.

Na wale mnaotaka kuhama na mbwa wenu kwenda Ulaya, hili koleo liacheni. Kule tatoo inakubalika tu kama ilipigwa kabla ya tarehe 3 Julai 2011 na bado inasomeka, sasa mbwa gani huyo. Chipu ndo inatangulia, kisha chanjo ya kichaa, zikipita siku 30 au zaidi damu inapimwa kuona kama chanjo imeshika, na kutokea Tanzania unasubiri miezi mitatu tangu damu itolewe. Ukichanja kabla ya chipu ile chanjo hawaihesabu, utaanza upya, kwa hiyo mwambie daktari mapema.

Koleo nalipa nyota nne kati ya tano, ile moja nimeikata kwa raba na seti moja ya tarakimu. Wino wake sifuri. Mwenye kujua duka la pembejeo Arusha au Moshi linalouza wino wa kijani wa kopo dogo aniwekee bei hapo chini, maana huu wangu wa kuagiza unaelekea kuisha na kuna watoto sita wa mbwa wanafikisha wiki saba mwezi ujao.