Uzoefu Wangu: Mto Mpya wa Kiti kwa Rubani Mrefu Katika Ndege Ndogo ya Kujiundia

Nina urefu wa sentimita 193, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikirusha ndege ya viti viwili niliyoinunua hapa Wisconsin kutoka kwa mzee aliyeiunda kwa mikono yake katika karakana ya nyumbani. Mzee huyo ni mfupi, na kila kitu alikipima kwa mwili wake. Nikivaa hedifoni, kichwa changu kiligusa paa la kioo, na baada ya saa moja angani kiuno kiliniuma hata nikishuka nikawa nashikilia ukingo wa ndege kwanza ndipo ninyooke.

Novemba iliyopita niliutoa mto wa zamani wa sponji ya kawaida, wenye unene wa sentimita 10, nikaweka wa sentimita 5 wa ile sponji nzito inayofuata umbo la mwili, iliyobuniwa mwaka 1966 katika kazi ya NASA ya kuboresha viti vya ndege. Nimeshaukalia kwa takribani saa 40. Kiuno hakiniumi tena hata katika safari ya saa mbili na nusu, kwa kuwa uzito husambaa hadi mapajani badala ya kulemea mifupa ya makalio peke yake.

Anayeununua aijue tabia yake. Sponji hii hukakamaa kwenye baridi: asubuhi za Januari huwa ngumu kama ubao na nywele zangu hugusa kioo, lakini baada ya dakika kama kumi joto la mwili huilainisha, nami huzama taratibu mpaka nikapata nafasi ya vidole viwili juu ya kichwa. Kuzama huko hulegeza mkanda wa kiunoni. Ni lazima ukazwe upya kabla ya kuruka, kwani hewa ikichafuka, mwenye mkanda uliolegea ndiye anayegonga paa kwa utosi.

Tatizo ambalo mto haukulimaliza, na kwa kweli uliliongeza, ni la miguu. Kiti kiliposhuka magoti yalipanda, na nilipoipeleka fimbo ya kuongozea kulia kabisa, iligota kwenye paja kabla vibao vya mabawa, vinavyoinamisha ndege upande, havijafika mwisho wake. Hilo si suala la starehe tena, kwa sababu rubani anayepigwa na upepo wa ubavuni wakati wa kutua anaweza kuuhitaji mzunguko wote wa fimbo. Sikuruka mpaka pedali za miguu ziliposogezwa mbele sentimita 6 ili magoti yashuke na fundi mwenye leseni akazikagua. Tangu hapo, kila ninapobadilisha chochote kitini, hukaa nikiwa nimevaa koti la baridi na kufunga mikanda, kisha naizungusha fimbo pembe zote.

Kwa ambaye bado anachagua ndege, RV-14, ndege ya kujiundia ya viti viwili ya kampuni ya Van's Aircraft, iliyotambulishwa mwaka 2012, ina upana wa inchi 46 ndani, na nilipoijaribu kwenye maonyesho ya ndege ya Oshkosh, hapa hapa Wisconsin, mabega yangu yalitulia.

Mto wangu naubakiza. Ule wa zamani nimeuhamishia kiti cha abiria, maana mke wangu ana sentimita 158 na bila huo haoni juu ya dashibodi.