Mfuko wa Kinga Njaa: Unafaa kwa Nani?

Mfuko wa kinga njaa, yaani ule wa kuhifadhia nafaka usiopitisha hewa, ni miongoni mwa bidhaa chache za wakulima wadogo ambazo naweza kuzipendekeza kwa moyo mweupe. Aina ya PICS, iliyobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani pamoja na wenzao wa Kamerun kwa ajili ya kunde, ina mifuko miwili ya plastiki nzito ndani ya kiroba cha kawaida, na kila mmoja hufungwa peke yake. Fukusi na dumuzi waliofungiwa humo humaliza oksijeni, huacha kula na kuzaana, kisha hufa, na familia hula nafaka isiyotiwa dawa.

Jambo ambalo wauzaji hawalisisitizi vya kutosha ni ukaushaji. Mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13 hivi yakifungiwa humo yanaweza kuvunda na kuota ukungu, na sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu huo, ikishaingia haiondoki kwa kupika. Kipimo cha kukadiria unyevu hakihitaji mashine: tia nafaka na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, funga, tikisa vizuri, kisha uiache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, nafaka irudi juani.

Mfuko huu hauzuii panya, kwa hiyo ghala lazima liwe safi. Vilevile haufai kufunguliwa kila siku, kwani kila unapofunguliwa hewa huingia. Chakula cha matumizi ya karibu kiwekwe kando. Bei yake huzidi ya kiroba, lakini usipotoboka hutumika kwa zaidi ya msimu mmoja.

Faida yake kubwa ni kumwepusha mkulima na kuuza wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, halafu kununua chakula kwa bei ya juu miezi michache baadaye, kwa fedha ambazo zingelipia matibabu au masomo ya watoto. Hata hivyo, mwenye deni atauza tu, awe na mfuko au asiwe nao. Ndiyo maana naona mifuko hii ingepaswa kusambazwa pia kupitia vikundi vya kuweka na kukopa, ambako mkulima anaweza kupata mfuko pamoja na mkopo mdogo wa kumvusha hadi bei ipande.