Uzoefu wangu katika tamasha la michezo mipya na utambaji wa hadithi, Kisumu

Tamasha la michezo mipya ya kuigiza na warsha za utambaji wa hadithi lililofanyika hapa Kisumu wakati wa likizo ya Aprili lilinigharimu shilingi 1,000 kwa tiketi ya siku zote. Likiandaliwa tena mwakani nitalipa, ingawa si kwa sababu iliyochapishwa kwenye bango. Bango lilisifia maonyesho makuu ya jioni. Mimi nawashauri wanaofikiria kwenda waipange siku yao kinyume cha bango hilo: asubuhi waende warshani, alasiri waketi kwenye usomaji wa miswada ambayo bado haijakamilika, na jioni, wakiwa wamechoka, warudi nyumbani bila majuto.

Nianze na hayo ya jioni ili niyamalize. Onyesho lililotangazwa kuanza saa kumi na mbili lilianza karibu saa mbili usiku kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa akisubiriwa, na tulipokwisha kuketi mvua ikaanza kupiga mabati. Mkaazi yeyote wa Kisumu anajua jinsi mvua ya Aprili inavyopenda kushuka jioni, na ukumbi usio na dari hauwezi kushindana nayo. Waigizaji walitegemea maikrofoni mbili zilizoning'inizwa juu ya jukwaa, ambazo zilinasa vishindo vya miguu vizuri kuliko maneno, hata sisi wa safu za nyuma tukaufuata mchezo wa kwanza kwa kutazama mikono ya wahusika.

Mvua, hata hivyo, hatuwezi kumlaumu nayo mwandishi. Kilichonichosha zaidi ni kwamba karibu michezo yote hiyo iliishia mahali pamoja: mhusika mmoja, ama chifu, ama daktari, ama mwalimu, anasogea mbele ya jukwaa, taa zinamwelekea, naye anatueleza tulichopaswa kujifunza. Asili ya tabia hii haifichiki. Wengi wa waandishi na waigizaji wetu wamelelewa na tamasha la drama la shule, ambalo limekuwepo tangu 1959 na ambalo michezo yake hupimwa na waamuzi wenye karatasi za alama mkononi. Wengine walikulia katika vikundi vya kampeni za afya, hasa miaka ile Ukimwi ulipokuwa ukiiumiza Nyanza kuliko sehemu nyingine za nchi, ambapo mfadhili alitaka ujumbe ueleweke kabla watu hawajatawanyika sokoni. Kazi ile siidharau hata kidogo. Lakini mtu aliyelipa kiingilio na kukaa kitini amekuja kwa hiari yake, na anaweza kuachwa afikiri mwenyewe.

Mchezo mmoja tu wa jioni ulishika njia nyingine, nayo ni ile iliyoenezwa na Augusto Boal wa Brazili kuanzia miaka ya 1970, ambapo mchezo husimamishwa pale mnyonge anapobanwa na mtazamaji yeyote huruhusiwa kupanda jukwaani, achukue nafasi ya mnyonge huyo na kujaribu la kufanya. Mwenye nyumba alikuwa amefunga mlango wa mpangaji kwa kufuli. Kijana mwendesha bodaboda akapanda, akavua kofia ya usalama, akaanza kumbembeleza mwenye nyumba kwa utani mtamu kiasi kwamba mwigizaji mwenyewe alishindwa kujizuia kucheka. Ukumbi uliamka. Wengine walikuwa wamenyoosha mikono wakitaka zamu, lakini mfawidhi akatazama saa na kufunga, maana muda wetu ulikuwa umekwisha kuliwa na kule kumsubiri mgeni.

Usomaji wa alasiri ulifanyika katika chumba cha pembeni kisicho na jukwaa wala maleba. Wasomaji walisimama wakiwa na miswada mikononi, na mmoja wao kazi yake ilikuwa kusoma maelekezo ya jukwaani kwa sauti, kwa mfano kwamba mtu ameingia, ameketi au amekohoa. Muswada ulionibakia moyoni ulikuwa wa mwandishi kijana ambaye mchezo wake wote unatokea katika kikao kimoja cha kamati ya mazishi. Wajomba wanaahidi fahali, binamu wa Nairobi anaahidi jeneza la bei, mashemeji wanashindana kwa hema na viti, na binti wa marehemu anaandika kila ahadi katika daftari la hesabu. Msomaji wa binti alikuwa na daftari halisi. Ahadi zilipokwisha, aliombwa asome jumla. Badala yake akaanza kufunua kurasa kurudi nyuma, polepole, hata tukasikia karatasi zikikwaruzana, mpaka akafika kwenye mchango wa bili ya hospitali wa miezi michache iliyotangulia. Akasoma majina yaleyale. Mbele ya karibu kila jina hapakuwa na kitu.

Mazungumzo yaliyofuata yalikuwa marefu kuliko usomaji wenyewe, na sikuona aliyetoka. Mzee mmoja alisema kwamba mchezo ni mzuri ila hauaminiki, kwa sababu binti hawezi kusimama mbele ya wajomba zake katika kikao kama hicho na kuanza kuwasomea makosa. Mwanamke aliyeketi nyuma yake akamjibu kwa adabu, “Baba, huwa anasema. Ila anasema akiwa anagawa chai.” Mwandishi, ambaye hadi hapo alikuwa ametulia, akachukua kalamu na kuandika haraka sana. Si jambo geni katika nchi hii watu wa kawaida kumsahihisha mwandishi. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamiriithu, kule Limuru, walifanya mazoezi ya mchezo wao hadharani na kuwarekebisha waandishi kuhusu namna wazee wanavyozungumza, kabla serikali haijaufuta mchezo huo leseni Novemba mwaka huohuo na kuja kuubomoa ukumbi wao mwaka 1982. Kwa hivyo nilishangaa kwamba waandaaji waliuweka usomaji saa nane mchana, wakati ambapo watu wengi wako kazini, na kuutaja katika ratiba kwa mstari mmoja.

Warsha za utambaji ndizo zilizostahili pesa yangu yote. Mwezeshaji alikuwa mama wa makamo asiyevumilia karatasi: kalamu na madaftari yalikusanywa mlangoni. Alianza na paukwa, nasi tukaitikia pakawa kivivu, akatusimamisha na kutuambia kwamba hadhira inayoitikia hivyo inamwambia fanani, yaani mtambaji, akalale. Tulirudia mpaka wapita njia wakachungulia dirishani. Kisha akatutambia kisa cha Nyamgondho, yule mvuvi maskini wa Gwasi aliyevua mwanamke mzee mwenye jicho moja kwa wavu wake, akamchukua nyumbani, akatajirika kwa ng'ombe, na hatimaye akamtukana akiwa amelewa. Mwanamke akarudi ziwani na mifugo yote ikamfuata majini, naye Nyamgondho akabaki amesimama ufuoni ameegemea fimbo yake mpaka leo. Kisa hicho wengi wetu tulikijua. Zoezi lilikuwa kukitamba upya kwa sauti ya mwingine aliyekuwepo: mke mwenza, mchungaji wa ng'ombe, jirani.

Mama mmoja anayeuza samaki katika ufuo wa Dunga aliinuka na kuanza kueleza kwamba wavuvi wa aina ya Nyamgondho anawafahamu, kwamba tatizo lao ni madeni zaidi ya pombe. Mwezeshaji akamkatiza, “Mama, usinieleze. Nitambie.” Akanyamaza kidogo. Kisha akainama, akashika kamba isiyoonekana, akavuta, akasita, akavuta tena kwa bega badala ya mkono, na kwa namna alivyokunja uso tulijua kwamba kilichomo wavuni ni kizito mno kuwa samaki. Alikuwa hajasema neno. Nimehudhuria semina nyingi za fasihi simulizi, zenye istilahi zote za fanani, hadhira, mianzo na miishio, na hakuna hata moja iliyonionyesha kwa dakika chache kama hizo jinsi mwili unavyobeba nusu ya hadithi. Alipomaliza, wazee wawili pembeni walisema “Thu tinda!”, maneno ya kufungia hadithi za Kiluo, kabla yake, wakamnyang'anya mwisho wake, na chumba kizima kikacheka.

Kasoro za warsha zipo. Watoto na watu wazima waliwekwa pamoja, hivyo watoto walichoka wakati wa majadiliano nao watu wazima waliona haya wakati wa michezo ya sauti. Wingi wa watu ulifanya baadhi yetu tusipate zamu kabisa, kwa hiyo anayetaka kutamba afike mapema na akae mbele.

Kwa atakayekwenda: kiingilio cha onyesho moja kilikuwa shilingi 300, na tiketi ya siku zote ina faida ukihudhuria warsha. Chai na mandazi vilipatikana getini kwa bei ya kawaida. Anayebaki hadi mwisho wa maonyesho apatane mapema na mtu wa bodaboda anayemfahamu, kwani nauli hupanda usiku, hasa mvua ikinyesha.

Ombi langu kwa waandaaji ni kuhusu miswada. Mimi hufundisha Kiswahili katika shule ya upili, na ningependa wanafunzi wangu wasome kitu kilichoandikwa karibu nao, lakini hapakuwa na nakala hata moja ya kununua. Nilimfuata mwandishi wa mchezo wa kamati ya mazishi nikamwomba anipe ya kwake. Alikataa kwa upole, akisema kwamba anaandika upya ile sehemu ya kugawa chai.