Waridi la Sentimita 200: Tathmini ya Picha Niliyoagiza

Nilipoagiza picha ya waridi moja, yenye kimo cha sentimita 200 na upana wa sentimita 150, kutoka kwa mchoraji ambaye kwa miaka mingi hachori kitu kingine ila maua makubwa, nilidhani kwamba ninacholipia ni ukubwa wenyewe. Picha hiyo sasa ina miezi minane ukutani, nami nimebadili mawazo. Ukubwa wa turubai ndio sehemu nyepesi ya kazi hii, kwa kuwa yeyote mwenye ngazi na rangi ya kutosha anaweza kuufikia. Kilicho kigumu ni kuamua ua likatwe wapi.

Rasimu ya kwanza aliyonionyesha ilikuwa na waridi zima, shina lake, majani mawili na nafasi tupu pande zote, na nilipoitazama niliona kadi ya salamu iliyopanuliwa. Niliipenda, na ndiyo maana nashukuru kwamba yeye mwenyewe aliikataa. Katika rasimu ya pili petali zilikatwa na kingo za turubai kwa pande tatu, shina likatoweka, na kitovu cha ua kikasogezwa chini kidogo, upande wa kushoto. Ingawa rasimu hiyo haikuzidi ukurasa wa daftari, tayari ilionekana kubwa. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo lilikuwa likinitatiza kuhusu Georgia O'Keeffe, mchoraji wa Marekani aliyeanza kuchora maua yaliyokuzwa mnamo mwaka 1924: picha zake kadhaa mashuhuri, ikiwamo ile ya ua la airisi nyeusi ya mwaka 1926, hazifiki hata mita moja kwa kimo, lakini anayeziona kitabuni huapa kuwa zimejaa ukuta mzima.

Kuhusu utendaji, mchoraji wangu hatumii projekta, chombo cha kurusha picha ya kamera kwenye turubai ili inakiliwe. Hugawa rasimu kwa miraba, akaihamishia kwenye turubai mraba kwa mraba, kisha akafuta mistari kadiri rangi inavyoendelea. Hoja yake ni kwamba picha ya kamera hufanya vivuli vya ndani ya ua kuwa vyeusi tupu, na anayeinakili hunakili pia upungufu wa kamera, ilhali jicho likitazama waridi halisi huona ndani ya kivuli hicho zambarau, kahawia na hata kijani. Sikushawishika mara moja, kwani wapo wanaotumia projekta kwa ustadi mkubwa, lakini kivuli kilicho kati ya petali mbili za chini ndiyo sehemu bora ya picha yangu yote: tabaka jembamba la kijani limepakwa kwanza, likafunikwa na wekundu unaopenyeza mwanga, hivi kwamba ukisimama hatua sita unaona kina, na ukikaribia unaona mabaka tu yasiyofanana na ua lolote.

Alinieleza pia, kwa urefu uliozidi kidogo subira yangu, kwa nini alikataa kutumia alizarini, rangi nyekundu ya kuvutia ambayo hupauka kwa mwanga, hasa inapopakwa nyembamba, na badala yake akachagua kwinakridoni, nyekundu nyingine inayostahimili mwanga zaidi. Mfano alioutoa ulinitosha: katika picha ya airisi ambayo Vincent van Gogh, mchoraji wa Uholanzi, aliichora mwezi Mei 1890, mandharinyuma yaliyo karibu meupe leo yalikuwa ya rangi ya waridi hapo awali, na maua yanayoonekana ya buluu yalikuwa ya zambarau, kwa sababu rangi yake nyekundu ilififia. Mtu anayeagiza ua jekundu ana haki ya kuuliza swali hili kabla ya kuuliza jingine lolote.

Kasoro zipo. Kona ya juu kulia imefanywa kwa uchovu: kingo zote za petali zimelainishwa kwa kiwango kimoja, pasipo mahali palipokatwa kwa ukali, na jicho linapofika hapo hukosa pa kushika. Katika picha ndogo kona kama hiyo ingekuwa upana wa kidole gumba na kusamehewa. Hapa ni eneo la ukubwa wa mto wa kulalia. Nilimweleza, akakubali, ila hakuibadilisha.

Kazi ilichelewa kwa wiki saba, na kwa kiasi fulani namwelewa, maana rangi ya mafuta iliyopakwa nene haiharakishwi. Kilichoniudhi zaidi ni usafirishaji. Kwa kuwa turubai lisingeweza kupita mlangoni likiwa limewambwa, lilitolewa kwenye fremu ya mbao na kuviringishwa, na msaidizi wake akaliviringisha rangi ikiwa ndani, ilhali inapaswa kuwa nje ili tabaka la rangi lisibanwe na kuingia mikunjo. Mikunjo miwili ilijitokeza karibu na ukingo wa chini. Mchoraji alikuja mwenyewe, akaliwamba upya, akarekebisha palipoharibika bila kudai malipo, na leo siwezi kupaonyesha bila kutafuta.

Kwa anayefikiria kuagiza kipimo kama hiki, apime kwanza umbali wa kurudi nyuma kabla ya kupima ukuta. Chumba changu kina mita nne na nusu, na hazitoshi sana. Kwa mita tatu ningechagua turubai la nusu ya ukubwa huu na kuomba ua likatwe kwa ujasiri uleule. Vanishi, tabaka angavu la mwisho linalofunika rangi, bado haijapakwa, kwa kuwa tabaka nene la mafuta huhitaji miezi sita hadi kumi na miwili kukauka vya kutosha, na mchoraji amechagua kusubiri mwaka mzima. Hadi atakaporudi, sehemu nyeusi zaidi za kitovu zitabaki zikikosa mng'ao kidogo, jambo ambalo alinitahadharisha mapema.