Mitego ya wadudu: ndoo, delta na kadi ya njano

Karibuni tena. Mezani nina mitego mitatu, na kabla sijaigusa niseme jambo ambalo wauzaji hulipita haraka: kazi yake kubwa ni kuhesabu wadudu, si kuwamaliza. Kivutio cha feromoni, kile kinachowekwa ndani ya mtego, kina harufu ya nondo jike, kwa hiyo wanaoingia ni madume. Majike wenyewe wako shambani wanataga.

Huu wa ndoo ndio ninaoupa alama za juu. Mfuniko wa kijani, faneli ya njano, ndoo nyeupe chini. Kwa nondo wa viwavijeshi vamizi, wale viwavi wa mahindi wenye asili ya Amerika walioripotiwa Afrika mwaka 2016, sijaona wa kuushinda: unabeba nondo wengi, na hauna gundi ya kuharibiwa na vumbi. Utundike mita moja na nusu kutoka ardhini, mahindi yakirefuka na wenyewe uupandishe ubaki juu yao kidogo. Uweke mapema, hata mbegu hazijachomoza, maana unachotafuta ni kujua nondo wa kwanza wamefika lini. Kila wiki hesabu, andika, mwaga. Usipomwaga, hesabu ya wiki ijayo ni uongo mtupu.

Na tuangalie vizuri humo ndani. Dume wa viwavijeshi vamizi ana baka jeupe karibu na ncha ya bawa la mbele. Kuna nondo wengine huvutwa na harufu hiyohiyo. Ukiwajumlisha wote, utapiga dawa bure.

Huu wa pili, delta, ni kibanda cha pembetatu chenye sakafu ya gundi. Unamfaa kantangaze wa nyanya, nondo mdogo sana aliyetoka Amerika Kusini. Tatizo ni vumbi. Gundi ikishachafuka hainasi, namba zinashuka, nawe unashangilia kwamba wadudu wamepungua!

Wa tatu, kadi ya njano yenye gundi, hauna harufu, unavuta kwa rangi tu. Inzi weupe, vidukari, sawa, hasa ndani ya kitalu nyumba. Ila inanasa hata nyigu wadogo wanaotusaidia kuua wadudu, kwa hiyo shamba la wazi lote kulijaza kadi, mimi siafiki.

Sasa pesa yako inakoishia ni kwenye kivutio. Ndoo inadumu, kivutio kinaisha nguvu baada ya wiki kadhaa, fuata lebo. Cha akiba kikae kwenye friji au friza, kishike kwa glavu, na usiweke vivutio vya wadudu wawili kwenye mtego mmoja.

Namba zikipanda, usikimbilie bomba la dawa. Ingia shambani, kagua majani, tafuta mayai na viwavi wachanga, ndipo uamue.

Kwa hiyo mahindi, ndoo. Nyanya, delta pamoja na karatasi za gundi za akiba. Na dukani, kabla hujalipa, soma tarehe ya mwisho ya kivutio, kisha uliza kilikuwa kimehifadhiwa wapi.